Kabla hujampeleka bibi kituoni, onja uji wao

  

Leo naomba tuwape likizo wapenzi na visa vyao. Barua za "kaniacha solemba" nimeziweka pembeni, zitasubiri. Nataka tuongee habari za wazee. Najua hapo kuna msela kashaanza kufunua ukurasa kutafuta mpira. Tulia, ndugu yangu. Hii inakuhusu wewe hasa, wewe uliyepanga chumba Ngokolo, Nyankumbu au Katoro, una simu ya maana mkononi, na kila mwisho wa mwezi unamrushia bibi elfu kumi ukajiona umemaliza kazi.

Nimeamua kuliandika kwa sababu ya swali moja ambalo sasa naulizwa kila nikikaa kijiweni. Mtu ananivuta pembeni, anatazama huku na huku, halafu ananong'ona kama anayeulizia dawa ya kisonono: "Hivi hivi vituo vya wazee, unajuaje kama ni kizuri?"

Wananong'ona kwa sababu ya aibu. Kwetu Usukumani mtoto anayempeleka mzazi wake akalelewe na watu baki anaonekana kama kauza kaburi la babu yake. Sibishani na mila hiyo, ina maana yake. Lakini tuseme ukweli. Zamani mji ulikuwa na watu ishirini, bibi akipiga chafya wanaitika saba. Leo mtoto wa kwanza yuko kwenye duara Nyarugusu, wa pili anaendesha bodaboda Kahama, wa tatu kaolewa Dar, wa nne yuko Uarabuni na hajapiga simu tangu Idi. Nyumbani kabaki bibi na mjukuu wa miaka minane. Nani anamlea mwenzake hapo?

Sasa tuelewane kwanza maana ya kituo. Serikali ina makazi ya wazee sehemu nyingi za nchi. Kuna Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro Moshi, Ipuli Tabora, Kilima Bukoba. Kwetu huku lipo la Kolandoto, ndani ya Manispaa ya Shinyanga, njia ya kuelekea Mwadui na Mwanza. Ukivuka kwenda Misungwi unalikuta la Bukumbi. Haya yote ni ya wazee wasiojiweza, wale ambao hawana mtu. Huwezi kufika pale na begi la mama yako ukasema nimechoka, mpokeeni. Safari inaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, inakwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na yeye anapeleleza kwanza kama kweli mzee hana ndugu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba mlezi wa kwanza wa mzee ni familia, na makazi ni njia ya mwisho. Kwa hiyo kama una mkono na mguu na karasha linasaga mawe, usijidanganye.

Nje ya hayo ya serikali kuna yanayoendeshwa na masista na makanisa, na kuna watu binafsi wanaopokea wazee kwa malipo. Hapo ndipo swali la "nitajuaje" linapoanza kuuma.

USALAMA WA HUKU SI WA KULE

Ukimwuliza mtu wa Dar usalama wa nyumba ya wazee ni nini, atakwambia sakafu isiteleze na kuwe na mlinzi getini. Sawa. Lakini huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, neno usalama lina uzito mwingine. Sote tunajua. Kwa miaka mingi, na hasa ile ya 1980 na 1990, bibi zetu waliuawa kwa mapanga usiku kwa sababu tu mtoto wa jirani aliugua, mganga akatikisa kibuyu chake na kusema mchawi ana macho mekundu.

Macho mekundu! Jamani, bibi kapikia jiko la mafiga matatu miaka hamsini. Shinyanga miti iliisha, watu wakapikia vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi ule hata ukimweka askari kanzu mbele yake atatoka na macho kama pilipili. Huo ni ugonjwa wa jikoni, uchawi hauhusiki. Tena Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inalifanya kuwa kosa kumtangaza mwenzako kuwa mchawi. Watu wanaisahau sheria hiyo haraka sana shamba la urithi likiwa jirani. Na huku kwenye dhahabu shamba la mahindi linaweza kulala mahindi likaamka duara. Bibi aliyekuwa "mama yetu" jana anageuka "yule mchawi" leo, na anayesema hivyo mara nyingi ndiye anayetaka eneo.

Ndiyo maana ukienda kupima kituo cha wazee huku kwetu, swali la kwanza si chakula wala televisheni. Uliza hivi: humu ndani mzee wangu atakuwa salama na nani, na nani anaruhusiwa kuingia?

SHARTI LA MAMA MKUBWA

Niwape kisa cha kwetu, kwa sababu kilinifundisha kuliko kitabu. Nina mama mkubwa, mjane, anaishi kijijini Shinyanga. Wanawe wawili wako Katoro na mashine za kusaga mawe, mambo yao si mabaya. Macho ya mama mkubwa mekundu, miguu imekwisha, na maneno ya pembeni yalishaanza kisimani. Wanawe wakaingiwa na hofu ya haki kabisa. Kaka mkubwa akapata habari za nyumba moja ya mtu binafsi kwenye mji mmoja wa machimbo, wanapokea wazee kwa mwezi. Jina lake nalihifadhi. Kikao cha familia kikaitwa, kila mtu akasema lake. Wa mwisho kuulizwa alikuwa mwenyewe. Mama yangu ndiye aliyemgeukia: "Dada, wewe unasemaje?"

Mama mkubwa akanyamaza kidogo, akasema: "Nipelekeni mnapotaka, wanangu. Ila mniambie kitu kimoja. Nikikohoa usiku, nani atasikia?"

Kikao kikawa kimya. Nikatumwa mimi na kaka twende tukaangalie.

Tukafika saa nne asubuhi. Geti jekundu, maua, ukumbini vigae vinang'aa kama meno ya mtangazaji, televisheni kubwa ukutani. Mwenyeji mama mmoja mcheshi, soda zikaja kabla hatujakaa. Kaka akanikonyeza: hapa bomba. Mimi kazi yangu ni kuandika umbea, kwa hiyo udaku nimezaliwa nao. Nikaomba kuzunguka.

Vile vigae vilivyomfurahisha kaka vilikuwa vimeendelea hadi chooni, vimelowa, hakuna hata kipande cha bomba ukutani cha mtu kujishikia. Mama mkubwa na mkongojo wake pale angeanguka siku ya kwanza. Na mzee akivunjika nyonga si sawa na wewe kuvunjika mkono kwenye bodaboda. Wengi hawasimami tena.

Nikaomba kuona jiko. "Mpishi katoka na ufunguo." Saa nne asubuhi, wazee kumi na mmoja wanatarajia chakula cha mchana, mpishi katoka na ufunguo! Tukakaa. Ukumbini wazee sita wamelala kwenye viti vichwa vimeinama kama abiria wa basi la usiku. Mzee mmoja aliyekuwa macho akanisalimia, nikamshika mkono. Alipojiinua kidogo nikaona mfuko wa shati lake umetuna. Ndani yake kulikuwa na tonge la ugali mkavu, kalifunga kwenye karatasi.

Wasomaji, mtu anayeshiba hafichi ugali mfukoni.

Nikauliza swali la mama mkubwa: usiku analala nani na wazee? Nikaonyeshwa binti, hata miaka kumi na minane sidhani kama alikuwa nayo. Peke yake. Mlango wa bweni nao unafungwa kwa kufuli kutoka nje, "wasizurure". Ukitokea moto, nani anatoka? Kaka hakumaliza soda yake. Tukaondoka.

Nikikwambia tulivyoishia utaona si miujiza. Kaka hao wawili wakamjengea mama yao jiko la nje lenye bomba la kutolea moshi, wakampata binti wa ukoo wa kulala naye chumba kimoja, wanamlipa mshahara wa kueleweka na si wa "utakula humu humu". Mmoja anakwenda wiki ya kwanza ya mwezi, mwingine ya tatu. Mwenyekiti wa kijiji ana namba zao zote na anajua wanakuja. Mama mkubwa akikohoa usiku, anasikika. Gharama ya mwezi haikuzidi ile ya geti jekundu.

Lakini najua si kila mtu anaweza hivyo. Kuna mwenye mzazi aliyepooza, anayehitaji kugeuzwa kitandani mchana na usiku. Kuna mzee hana mtoto hata mmoja. Kuna bibi ambaye kijiji chenyewe kimeshamgeuka, akibaki atauawa. Kwa hao kituo kizuri ni wokovu, na hakuna aibu yoyote. Kwa hiyo chukua kalamu, nikupe ya kupima.

UNAPOKWENDA KUANGALIA

Kwanza, usitoe taarifa. Ukipiga simu ukasema utakuja Jumamosi, Jumamosi utakuta mashuka mapya na wali nyama. Nenda Jumanne, fika saa ya chakula. Kisha urudi siku nyingine jioni, giza likianza. Kituo ambacho hakitaki ndugu aje bila miadi kina cha kuficha. Hata kama hawakuruhusu kuingia vyumbani kwa heshima ya wazee wengine, angalau wakukaribishe ukumbini na wakuitie wako.

Pili, tumia pua. Mzee kujikojolea si kosa la mtu, na harufu ya mara moja haihukumu nyumba. Lakini harufu iliyokomaa kwenye godoro maana yake halijaanikwa wiki nzima. Upande mwingine, nyumba nzima ikinuka dawa ya choo mpaka macho yanawasha, jiulize wanaziba nini.

Tatu, onja uji wao. Sitanii, omba kikombe. Kama ni maji yaliyopakwa unga, umeshajua. Angalia kama chakula kinafuata meno. Bibi hana hata moja halafu unampa michembe mikavu atafune? Michembe ichemshwe iwe laini, maharage yaive, samaki atolewe miiba. Na angalia maji. Mtu akizeeka kiu yake inapungua, hasemi, anakaukiwa ndani kwa ndani mpaka anaanza kuchanganyikiwa, nanyi mnasema "uzee huo". Kikombe cha maji kiwe karibu na mkono wake, si dirishani.

Nne, angalia visigino. Mzee asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja, nyama inaoza pale mfupa unapogusa godoro: visigino, nyonga, chini ya mgongo. Anayejua kazi anamgeuza kila baada ya saa mbili hivi. Uliza: "Nani anamgeuza yule, na mara ya mwisho ni saa ngapi?" Wakitazamana, kaa chonjo. Angalia pia kucha na midomo. Kucha ndefu zenye uchafu wa wiki mbili zinasema mengi kuliko meneja.

Tano, dawa. Wazee wengi wana presha au kisukari, wengine vyote viwili. Kuwe na daftari: jina la mzee, dawa gani, saa ngapi, nani katoa. Ukikuta vidonge vya watu wote vimechanganywa kwenye mfuko mmoja wa rambo, kimbia. Na ukikuta wazee wote wamelala fofofo saa nne asubuhi kama nilivyowakuta mimi, uliza kama wanapewa dawa za usingizi, na kwa idhini ya daktari gani. Mzee aliyelala hasumbui, ndiyo. Lakini mzee hakuletwa pale asisumbue.

Sita, hospitali iko umbali gani, na usiku gari ni la nani? Hapa wazee wa Kolandoto wana jirani mwema, kwa sababu hospitali ya Kanisa la AIC iko Kolandoto hapo hapo. Bukumbi nako kuna hospitali. Kituo kilichojificha porini kilomita thelathini kutoka zahanati kinatakiwa kikuonyeshe pikipiki ya magurudumu matatu au gari, na dereva wake anayelala hapo. Kumbuka pia sera ya afya ya 2007 ilitaka wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Uliza kama wazee wao wametengenezewa vitambulisho, au kila siku wanasubiri huruma ya dirishani.

Saba, milango. Bweni la akina bibi liwe mbali na la akina babu. Mzee aweze kufunga chumba chake kwa ndani na kutoka bila kuomba ufunguo moto ukitokea. Uzio uwepo, taa iwepo nje, na kuwe na daftari la wageni. Kwa bibi aliyekimbia maneno ya uchawi hili si mapambo. Anayemtafuta huja amejifanya mpwa.

Nane, karatasi. Hili wengi hawalijui. Uliza nani anashika pesa za mzee, na andikiana nao kwamba mzee hasaini wala haweki dole gumba kwenye karatasi yoyote bila watu wawili wa familia kuwepo. Nimeshasema, huku kwetu shamba ni shamba mpaka dhahabu ionekane. Mzee hasomi vizuri, analetewa karatasi na mtu mwenye soda na biskuti, anabonyeza dole, kesho eneo la ukoo limehama. Anayemletea karatasi anaweza kuwa mgeni. Anaweza pia kuwa wewe, na ukoo wako unakujua.

Tisa, usajili. Omba kuona cheti, kisha usikiamini. Pita ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri uliza: mnakijua kituo hiki, na mara ya mwisho mlikwenda lini? Jibu la swali la pili ndilo lenye maana.

Kumi, muulize mfanyakazi, sio mwenye nyumba. Analipwa kwa wakati? Ana glavu za kumwogeshea mtu? Amekaa pale muda gani? Nyumba ambayo wasichana wanabadilika kila mwezi, wazee wake wanaogeshwa na mgeni kila mwezi. Hebu fikiria wewe, ukiwa na miaka themanini, kuvuliwa nguo na mtu usiyemjua jina.

WENZETU WANA NYOTA

Mtasema namba kumi ni nyingi mno. Wenzetu wanazo nyingi zaidi. Marekani tangu mwaka 2008 serikali inazipa nyumba za wazee nyota, moja mpaka tano, kama hoteli. Wanaangalia ukaguzi ulisema nini, wafanyakazi ni wangapi kwa wazee wangapi, na wazee wenyewe hali zao zikoje. Uingereza ilianzisha tume yake ya kukagua mwaka 2009, inaingia hata bila hodi, na matokeo yanabandikwa hadharani: bora sana, nzuri, irekebishe, haifai. Chekesha ni kwamba wengi wanaofanya kazi ndani ya nyumba hizo ni ndugu zetu. Dada yako aliyekwenda kubeba boksi anamwogesha bibi wa Kizungu kule kwa sheria na glavu, huku bibi yake mwenyewe Kishapu anaogeshwa na mvua.

Lakini nyota nazo hazitoshi, na uzuri wa nje hautoshi. Majirani zetu Kenya walipata somo chungu mwaka 2023. Waandishi wa BBC Africa Eye walirekodi kwa siri ndani ya nyumba moja ya wazee katika kaunti ya Kiambu, jirani kabisa na Nairobi, nyumba yenye mwavuli wa kanisa. Picha zilionyesha wazee wakipigwa na kutelekezwa wakiwa wagonjwa. Ukipita barabarani ungesema hapa ni peponi. Kamera iliyofichwa ndiyo iliyoingia mahali ambapo ndugu hawakuingia.

Nikasema moyoni, sisi wa huku kamera ya siri hatuna. Lakini tuna kitu cha bei rahisi zaidi: miguu.

MZEE ANAYETEMBELEWA

Hapa ndipo penye kiini, na kama umeruka yote ya juu shika hili moja. Hakuna ofisa atakayefika kituoni mara nyingi kuliko wewe ukiamua. Mfanyakazi, hata awe mchovu kiasi gani, anajua wazee gani wana watu na wazee gani hawana. Shuka safi linaanzia kwa mwenye watu. Nyama kubwa inaanzia kwa mwenye watu. Mzee anayetembelewa haibiwi uji. Asiyetembelewa anaibiwa uji, baadaye blanketi, na mwisho anaibiwa jina, anaitwa "yule wa kitanda cha pembeni".

Kutuma pesa si kutembelea. Najua utakasirika. Utasema nipo mgodini, zamu ni ndefu, duara halijatema. Duara likitema nako hatukuoni, tunakusikia uko Mwanza unamwaga bia. M-Pesa haimgeuzi mtu kitandani wala haioni mfuko wa shati uliotuna. Na wa Geita mliokuwa mnasingizia foleni ya kivuko cha Busisi, kisingizio hicho kilikufa Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi. Bukumbi sasa ni kwenda na kurudi siku moja, na jioni unawahi mpira.

Kama kwenu hakuna mzee kituoni, bado unayo kazi. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, viongozi wanapeleka sabuni na mchele, wanapiga picha, wanaondoka. Si vibaya, sabuni inahitajika. Lakini tarehe 2 Oktoba nani anakwenda? Kijiwe kimoja cha bodaboda, kwaya moja, timu moja ya mchangani, mkikubaliana kwenda mara moja kwa mwezi kuwanyoa wazee kucha na kupiga nao bao, mmekuwa wakaguzi bila kuapishwa. Mkiona kovu jipya au mzee kapungua ghafla, nendeni ustawi wa jamii, na mkiona kipigo, nendeni polisi. Hamhitaji kuwa ndugu ili kusema.

Na ukishampeleka wako, mwulize mwenyewe. Mtoe nje chini ya mti, mbali na masikio ya wahudumu, kaa naye usiwe na haraka. Usimwulize "unatunzwa vizuri?" Wazee wetu wana heshima, atajibu "namshukuru Mungu" hata kama kalala njaa. Mwulize vitu vidogo: jana usiku ulikula nini, nani alikuwashia taa, nani alikusaidia kwenda chooni, rafiki yako humu ni nani. Majibu yakija haraka na majina ya watu, tulia. Akiinama akaanza kuchora chini kwa fimbo, beba begi lake siku hiyo hiyo.

Mwenye swali, kisa au ugomvi na mimi aandike kupitia gazeti hili. Walionitumia barua za mapenzi wiki iliyopita, wiki ijayo tunarudi kwa yule jamaa wa Maganzo mwenye wachumba watatu na pete moja. Ila kabla hujafika huko, mpigie bibi yako simu. Usimwulize anahitaji shilingi ngapi. Mwulize jana usiku alikohoa nani akasikia.

Panapo majaliwa, Ijumaa ijayo.